Dakika Kumi Juu ya Saa Nne

Watu wote walishuka. Dada yangu hakushuka.

Tulikuwa tumesimama nje ya mlango wa kutokea abiria, uwanja wa ndege wa Madurai, mimi, Mama na Mjomba Sundarapandi. Mama alishika sinia la shaba lenye maji yaliyogeuka mekundu kwa bizari ya manjano na chokaa, amelifunika kwa gazeti yasije yakaonwa kabla ya wakati wake. Yalikuwa maji ya kumzungushia Malarkodi usoni mara atakapotoka, kumwondolea macho yote yaliyomtazama njiani, kisha yamwagwe chini, naye aingie kwao akajifungue. Walitoka wanaume wenye televisheni zilizofungwa kamba. Wakatoka wazee wawili kwenye viti vya magurudumu. Wakatoka marubani wenyewe, wakiburuta mabegi madogo. Mlango ukajifunga, na kwenye kioo chake tukabaki kujiona sisi wenyewe.

"Labda anatafuta sanduku lake," Mjomba alisema.

"Marubani wameshatoka," Mama akasema. "Nani amebaki humo, yeye na ndege?"

Askari wa mlangoni alikuwa akilitazama sinia muda wote. "Mama, mgeni wenu waziri? Mbona mmemjia na sinia?"

"Ni binti yangu. Ana mimba kubwa."

"Basi atatoka polepole," askari akasema, akajisogeza kidogo ili Mama apate kivuli.

Simu ililia kwenye mfuko wa shati la Mjomba. Alisikiliza, akabadilika uso, akaiweka simu kwenye spika ili Mama asikie bila kulitua sinia. Sauti ya dada yangu ilikuja pamoja na makelele ya watu wengi, na nyuma yake niliwasikia wakitangaza safari kwa lugha nisiyoijua.

"Mama, wamenirudisha. Tangu mchana nimekaa hapa hapa, nashindwa kuwapigia. Ndege imeondoka bila mimi."

"Wamekurudisha kwa kosa gani?"

"Mimba. Wanahesabu wiki. Wanasema kwa wiki zangu, safari ikiwa chini ya saa nne wanampakia mtu. Ikizidi saa nne hawampakii. Na hii imezidi."

Mjomba aliikwapua simu. "Imezidi wapi? Mwambie huyo binti wa kaunta asome tiketi yake. Mnaondoka saa tisa alasiri, mnafika saa kumi na dakika arobaini. Saa moja na dakika arobaini. Mimi nimehesabu."

Kisha dada akasema taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Mjomba, saa za huku zimetangulia za huko. Saa mbili na nusu. Safari ni saa nne na dakika kumi. Ni dakika kumi tu zilizozidi."

Mjomba aliirudisha simu mfukoni. Mama alitazama huku na huku akitafuta pa kumwaga yale maji. Mtu wa kuzungushiwa hakuwepo, na kuyamwaga vivi hivi hakuweza. Tulirudi nayo nyumbani kwenye bajaji, yakimrukia Mjomba kwenye shati lake jeupe kila tulipopita tuta, na Mjomba hakulalamika hata mara moja.

*

Nikikumbuka sasa, miaka imepita na mtoto yule anajua kuandika jina lake, bado nashangaa jinsi tulivyojua kila kitu na bado tusijue. Tulijua kwamba Singapore, alikoolewa dada, giza huwahi. Dada alipotupigia simu, sisi ndio kwanza tunaweka wali jikoni, yeye alikuwa akipiga miayo na kusema wenzake wameshalala. Tulimcheka, tukasema ameolewa na watu wanaolala na kuku. Hilo tulilijua kwa miaka mitatu. Tiketi nayo tuliiona kwenye simu ya Mjomba, kila mmoja aliishika. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Na Singapore ilikuwa karibu nasi kwa namna nyingine. Mimi na Mama tunatunga maua. Asumini huja kwetu asubuhi na mapema yakiwa yamefumba, tunayafunga mawili mawili kwa nyuzi za mgomba zilizoloweshwa, na mwenye duka hupeleka makasha mengine kwa ndege. Jioni maua yale yale hufumbuka kwenye nywele za wanawake wa huko. Mama alipokuwa akitunga, alizoea kusema, "Hili linakwenda kwa Malarkodi," kana kwamba Singapore ni mtaa wa pili na dada yangu ndiye mwanamke pekee aliyemo.

Kwa hiyo mwezi wa saba wa mimba ulipokuja, na dada akataka avalishwe haraka bangili za mimba, zile za kumuaga mwanamke anayekwenda kujifungua kwao, aje nyumbani, Mama ndiye aliyekataa. Mwezi ule uliangukia Aadi ya kalenda yetu ya Kitamil, na katika Aadi hakianzishwi kitu cha heri, si ndoa, si nyumba, si bangili. Wakwe zake nao waliona hivyo hivyo. Kilichobaki ni mwezi wa tisa. Dada aliogopa kusafiri akiwa mzito vile, lakini Mjomba aliitoa ile hesabu yake, na sote tukatulia.

"Ukienda Chennai kwa basi unakaa usiku kucha," alimwambia. "Hii ya kwako hata chai haitapoa."

Basi akavalishwa mwezi wa tisa, huko huko kwa wakwe, bangili za kioo nyekundu na kijani tulizomtumia, hadi karibu na viwiko. Mama hakwenda. Baba alikuwa ameshafariki, na mjane hamvalishi mtu bangili. Angekwenda angesimama nyuma ya wengine. Alisema yeye zamu yake ni kupokea. Mwanamke akishavalishwa hutoka kwa mumewe siku ile ile, huenda kwa mama yake, na hakanyagi tena mlango ule mpaka awe na mtoto mikononi. Hilo halina mjadala kwetu. Hatukuwahi kujiuliza huwaje mtu akitoka mlango mmoja na mwingine usifikike.

Huwa hivi. Usiku ule wa kukataliwa ndege, dada yangu alirudi mtaani kwao kwa teksi, na mkwe wake, Bi Danabakkiam, akatoka akamkuta kwenye ngazi. Hakumtukana. Alilia, tuliambiwa. Lakini alisema, "Mwanangu, nikikuingiza humu leo na likimpata mtoto jambo, mimi na wewe hatutajisamehe. Siwezi." Shemeji yangu Ilamaran akagombana na mama yake, na dada akasema hataki kuzaliwa mtoto juu ya ugomvi. Akalala kwa mke wa mfanyakazi mwenzake, chumba cha watoto, kitanda kifupi, miguu nje.

*

Siku iliyofuata Mjomba alikuja na agizo kutoka kwa shemeji: viza anaweza kuipata kwa wakala, tiketi atalipa yeye, Mama aende. Pasipoti tulikuwa nazo. Mjomba alitutengenezea sote dada alipoolewa, tukaziweka kabatini chini ya sari nzuri, na hapo zikakaa.

Mama alikuwa chini, mguu mmoja ameunyoosha, uzi ameuzungusha kwenye kidole kikubwa cha mguu. Hakuacha kutunga.

"Niende wapi?" aliuliza. "Kwa mkwe aliyemfungia mlango, nikapige hodi? Au kwa huyo mke wa rafiki, nimlale kichwani?"

"Uende kwa mwanao."

"Mwanangu hajifungulii kwa watu. Anajifungulia kwa mama yake. Unataka nibebe nyumba? Nyumba hii haina magurudumu, Sundarapandi."

"Basi akae huko peke yake."

"Nenda wewe. Wewe ndiye uliyehesabu."

Mjomba alikuwa amevaa tena lile shati la madoa, sijui kwa kusahau au kwa kujiadhibu. "Mimi nikafanye nini, dada? Nimshike mkono akiumwa uchungu? Atanifukuza, na atakuwa na haki."

Sikuzoea kusema watu wazima wanaposema. Tangu nilipotoka shule darasa la nne, Baba alipokufa, kazi yangu ilikuwa mikono, na watu wa mtaa walidhani mimi ni mgumu wa kusikia kwa jinsi nilivyokuwa sijibu. Lakini tangu jana nilikuwa nikiiona ile miguu ya dada yangu nje ya kitanda cha mtoto. Wakati wa kufunga ua nisingeweza kumtazama mtu, na pengine ndiyo maana nikaweza kusema.

"Shemeji akodi chumba," nilisema. "Mama akishakaa humo, kitakuwa kwetu."

Nilifunga maua mawili mengine. Niliyafunga vibaya, yakachomoka.

"Kumbe huyu ana sauti," Mjomba akasema.

Mama aliuvua uzi kidoleni. "Chumba cha kukodi kina mwenyewe," alisema, lakini si kwa sauti ya kukataa. "Kina jiko?"

"Nitamuuliza," Mjomba akasema, akiwa ameshainuka.

"Muulize kina jiko la moto. Si hayo ya umeme, ya vioo. Na huyu atakwenda na mimi. Mimi sijui kusoma vibao."

*

Kwenda, tiketi ilisema tunaondoka saa tatu na nusu asubuhi na kufika saa kumi na dakika kumi jioni. Kwa hesabu ya Mjomba ingekuwa karibu saa saba. Mara hii hakuhesabu. Alitusindikiza mpaka kwenye mlango wa kioo, akampa Mama kifurushi cha tangawizi kavu, na akasema tu, "Mkifika mmefika."

Mama alikaa dirishani. Ndege ilipoinuka aliushika mkono wangu kwa nguvu, macho mbele, kama anayesubiri mtu amalize kusema jambo la aibu. Tulipotulia juu ya mawingu aliuachia. Mbele ya kila kiti palikuwa na kioo kidogo chenye ramani, na juu ya bahari ya buluu palikuwa na ndege nyeupe kubwa kuliko kisiwa kizima cha Sri Lanka. Chini yake ziliandikwa kilomita zilizobaki.

"Inasema nini?"

"Elfu mbili na mia tatu."

Baada ya muda, tena. "Sasa?"

"Elfu moja na mia tisa."

Hakujua kilomita ni kiasi gani na mimi sikujua sana, ila zilikuwa zinapungua, na ilimtosha. Mhudumu wa ndege alileta chakula, Mama akakirudisha, kisha akamwita tena akamwomba ule mkate tu. Aliukunja kwenye leso. "Wa Malarkodi," alisema. "Huenda hajala."

Nilikuwa nikiyawaza yale maneno ya kaunta. Dakika kumi. Nilitaka kujua zilikuwa zipi. Safari nzima ilikuwa kitu kimoja kisicho na mshono, mngurumo ule ule, mwanga ule ule mweupe, na mahali fulani ndani yake zilikuwepo dakika kumi ambazo bila hizo dada yangu angekuwa amelala nyumbani sasa hivi, mguu juu ya mguu wangu. Je, ni zile tulipokuwa tunasukumwa polepole chini kabla ya kuruka? Ni zile tulipogawiwa chai? Sikuweza kuonyesha na kusema ni hizi. Nilifikiri labda na mtu aliyeiandika ile sheria asingeweza. Alihitaji kupiga mstari mahali, akaupiga, nasi tukaangukia upande wa pili. Sikumchukia. Mwezi wa Aadi nao ni mstari aliopiga mtu.

Karibu na kufika, ndege ilianza kuzunguka. Jua lilihama dirisha hili likaenda lile, likarudi. Chini niliona meli nyingi zimesimama baharini. Sauti ikatangaza, na mzee wa Kitamil aliyekaa kiti cha pembeni akatuambia kwamba tunasubiri zamu ya kutua.

"Kwa muda gani?" Mama alimuuliza.

"Dakika kumi hivi, mama. Kawaida yao."

Mama aligeuka akanitazama. Nilidhani atalia. Badala yake akacheka, bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka mzee yule akajitazama nguo kuona ana nini.

Kwenye dirisha la ukaguzi, afisa alikuwa kijana wa Kitamil, lakini Kitamil chake kilikuwa cha haraka, na Mama aliganda. Afisa alizitazama pasipoti zetu zisizo na muhuri hata mmoja.

"Mnafikia kwa nani?"

Mama alinitazama mimi. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu. Uso wangu uliwaka moto mpaka masikioni.

"Kwetu," nilisema.

"Kwenu si ndiko mnakotoka?"

"Dada yangu anajifungua. Shemeji amekodi chumba. Mama atakaa humo, kwa hiyo..." Hapo maneno yaliniishia, nikamwonyesha karatasi yenye anwani.

Aliisoma. Akamtazama Mama na kifurushi chake cha tangawizi, na leso yenye mkate. "Mtoto wa kwanza?"

"Wa kwanza."

Alipiga mihuri miwili. "Pita, bibi," akamwambia Mama, na Mama, ambaye alikuwa hajaitwa hivyo na mtu yeyote bado, akapita ameinua kichwa.

*

Chumba kilikuwa juu ya duka la kusaga viungo, mtaa wa Wahindi, ngazi za mbao, dirisha moja. Dada alikuwa amekaa kwenye sanduku lake la safari, lile lile alilorudishwa nalo, hajalifungua. Alikuwa amevimba miguu na uso. Alipotuona alitaka kuinuka, Mama akamwambia akae, wala hakumkumbatia. Alivua viatu, akazunguka chumba akigusa kuta. Akauliza ufagio uko wapi. Akafagia. Akaniambia niloweshe unga wa mchele, akachora maua ya baraka mlangoni kama afanyavyo nyumbani kila asubuhi, madogo kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, na mwanamke wa Kichina wa chumba cha jirani aliyekuwa akipita alikanyaga pembeni kwa uangalifu bila kuambiwa.

"Maziwa yapo?" Mama aliuliza.

Shemeji alikuwa ameleta pakiti mbili. Mama alizimimina zote kwenye sufuria ndogo mno, na ndipo dada akaelewa.

"Mama, si hapa. Mwenye nyumba atagomba. Jiko lake jipya."

"Agombe."

Nyumba mpya kwetu haikaliwi mpaka maziwa yachemke na kufurika nje ya sufuria. Tulisimama wote wanne tukiyatazama. Yalichelewa. Moto ulikuwa mdogo, na Mama hakutaka kuuongeza, alisema yaje yenyewe. Kisha yakajikunja pembeni, yakavimba, yakapanda kwa ghafla na kumwagika juu ya jiko safi la watu, yakaungua, moshi ukajaa, king'ora kidogo cha darini kikaanza kulia. Shemeji akakimbia na taulo kukipepea. Dada alianza kucheka. Alicheka ameshika tumbo chini kwa mikono miwili, anasema acheni, acheni, mtanizalisha hapa.

King'ora kiliponyamaza tuliona mtu amesimama mlangoni, nje ya michoro. Alikuwa Bi Danabakkiam, na mkononi alishika chombo cha dawa ya kitunguu saumu ambayo hupewa mzazi. Alikuwa ameishi mji ule maisha yake yote. Sisi tulikuwa na saa tatu tu humo.

Hakuingia. Alivua viatu, akavipanga, akabaki amesimama hapo. "Sikuja kumchukua," alisema. "Nimeleta hii tu."

Nilimtazama Mama. Alikuwa na maneno ya wiki nzima. Nilimsikia akiyafanyia mazoezi jikoni kwetu, na mengine yalikuwa makali. Mwiko ulikuwa mkononi mwake ukidondosha maziwa sakafuni.

"Karibu ndani," Mama alisema. "Mgeni hasimami mlangoni kwetu."

Bi Danabakkiam alivuka michoro kwa hatua ndefu, akasimama katikati ya chumba, hajui pa kuweka mikono. "Nikae wapi?"

"Hapo kwenye mkeka. Pechi, mpe mama maziwa, yaliyobaki."

Nilimpa kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa yote ingawa yaliungua na yalinuka moshi, akakirudisha. Hawakusemezana mengi, yeye na Mama. Waliulizana kuhusu miguu ya dada, kama inavimba asubuhi au jioni. Walipatana kwamba chumvi ipunguzwe. Alipoinuka kwenda, Mama alimsindikiza mpaka mlangoni, akangoja avae viatu.

"Ukija kesho," Mama akamwambia, "njoo na kisu. Cha humu hakikati."

"Nitaleta," Bi Danabakkiam akasema, na tukasikia ngazi zikilia chini yake, moja moja.

Nilipogeuka kusema na dada yangu, alikuwa hanisikii. Alikuwa amelala juu ya mkeka, mdomo wazi, mkono umetupwa huko, kama watu wanavyolala kwao.